Nyumba ya Bure Kando ya Mto

4 Machi

Dada,

Mimi mdogo wako ni mzima, meno yote ninayo, na tumbo limeanza kunitangulia njiani kama lina haraka kuliko mimi. Mama anaendeleaje na goti? Mwambie namwota ananifokea, kwa hiyo najua nguvu anazo. Mpwa wangu Wakili mwambie mjomba ameshindwa kujibu yale maswali yake kumi na saba, atafute mjomba mwingine aliyesoma. Mdogo wake, Tingatinga, ameanza kutembea? Ficheni vyombo.

Sasa kaa. Umekaa? Kaa vizuri, hii siyo habari ya kusikiliza umesimama.

Kuna kazi ya shemeji. Huku huku, kwenye hili shamba la kampuni ninalofanya mimi. Ni kutunza pampu ya mto inayopeleka maji mashambani. Asubuhi unawasha injini, jioni unazima, katikati unasafisha chujio la bomba na kupaka grisi. Shemeji ameshika grisi miaka kumi kabla hawajafunga ile karakana, hii ataifanya huku anapiga mluzi. Na nyumba ni ya bure! Vyumba viwili, sebule, bati jipya, sakafu ya saruji. Hapo mlipo mnalala watano chumba kimoja na cherehani, mkigeuka mnageuka kwa zamu.

Sharti ni moja tu. Wanataka mtu mwenye mke na watoto, na waje wote pamoja. Kampuni inapenda familia. Nauli wanatoa wao.

Simu huku ni ya kuangalia saa, haishiki kitu. Barua zinaenda na lori la mafuta, linakuja kila baada ya wiki mbili. Mimi mpweke siyo sana, nina mbwa watatu: Meneja, Karani na Mlinzi. Meneja hafanyi kazi yoyote, analala tu, ndiyo maana nikampa cheo.

Jibu upesi, nafasi kama hii haikai.

Mdogo wako mpendwa (hakuna mwingine, kwa hiyo lazima niwe mpendwa)

27 Machi

Mdogo wangu,

Barua tumepata. Mama goti linamsumbua asubuhi, mchana analisahau, jioni linamkumbusha. Anasema asante kwa salamu, na akikuota tena atakuchapa. Tingatinga anatembea. Jana ameangusha ndoo, kiti, na baba yake.

Shemeji yako tangu nimsomee barua hajakaa. Ametoa spana zake zote, amezifuta, amezipanga kwenye kitambaa kama mabinti anaokwenda kuwaoza. Sijamwona hivi toka karakana ifungwe. Kwa hiyo nakuuliza kwa ajili yake, maana yeye hawezi tena kuuliza, ameshafika huko kwa mawazo.

Huko ni mto. Mto una wanyama. Nyoka wapo? Mamba je? Nina mtoto wa miaka mitano anayechungulia kila shimo, na mwingine wa mwaka mmoja anayetia mdomoni chochote kisichomkimbia. Nataka unijibu hilo tu, mengine nitayaona nikifika. Wakili naye ana swali: "Mjomba, mamba anaishi upande gani wa mlango?" Sijui kalitoa wapi.

Shemeji yako anauliza kitu kimoja cha kifundi. Chujio la bomba unalisafisha umesimama wapi?

Halafu nikwambie ukweli. Wewe ukiniletea kitu cha bure, mimi huwa nakigeuza nione chini kumeandikwa nini. Nakumbuka zile saa ulizokuwa unauza, zilizokuwa zinatembea mkono ukitembea.

Dada yako

16 Aprili

Dada,

Zile saa zilikuwa nzima! Watu walikuwa wavivu wa kutembea.

Nimecheka barua yako mpaka mkuu wa kituo akatoka ofisini. Huyo ndiye mnyama mkali wa huku, ana masharubu, anatoka saa mbili asubuhi na anarudi shimoni saa kumi. Ukimpa heshima yake hakugusi. Wengine wote ni wapole. Ndege ni wengi, wanapiga kelele kama wanagombea urithi. Kima wapo, wanaiba sabuni. Mmoja ananuka vizuri kuliko mimi.

Shemeji mwambie chujio lipo pale pale machujio yote yanapokuwa. Fundi mkubwa haulizi hivyo, atajionea.

Sasa nitumie namba za viatu vya watoto. Nataka kuwanunulia buti za mpira, ndefu, za hadi gotini. Kwa ajili ya matope. Mwambie na shemeji anipe namba yake. Na wewe.

Je, Tingatinga anapenda maji? Yaani akiona maji anayafuata, au anayaogopa? Nauliza tu, mjomba lazima ajue.

Mama msalimie. Meneja amestaafu.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Huku mvua imetuingilia juu ya kabati, lakini nguo za wateja nimeziokoa. Mama anakusalimia.

Fomu za kampuni zimefika, shemeji yako amesaini hata mahali pasipohitaji sahihi. Ameshawaaga wenzake wa kijiweni. Anatembea kifua mbele. Juzi amenunua kofia.

Namba za viatu nimekuandikia nyuma ya karatasi. Lakini swali langu la nyoka na mamba hukujibu. Umenijibu masharubu. Nimeisoma ile barua mara tatu, nikampa Mama aisikilize mara ya nne. Mama akasema, "Huyu alipovunja dirisha la jirani alianza hivi hivi, kwa habari za ndege."

Na matope ya huko yanafika gotini kwa mtu mzima? Shamba gani hilo?

Meneja amestaafu maana yake nini? Mbwa anastaafu akaenda wapi?

Jibu kwa maneno ya kawaida. Tingatinga anapenda maji sana. Akiona beseni anaingia na nguo.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Hongera kwa kofia! Mwambie shemeji aishike, huku kuna upepo.

Nimekutumia picha. Dereva wa lori alikuja na kamera, nikamwambia nipige nikiwa mbele ya nyumba yenu. Ndiyo, nyumba YENU, nimeshaanza kuiita hivyo. Ona bati linavyong'aa. Ona na mimi ninavyong'aa. Tiketi ziko kwenye bahasha ya kampuni, ni nne, mnaondoka tarehe 2 Agosti, na lori litawachukua mjini siku ya nne yake. Mama atakaa kwa mama mdogo kama tulivyosema, msimwache na stuli ile ya miguu mitatu.

Unapenda kuuliza, dada. Ungezaliwa mwanaume wangekupa upolisi. Meneja alichoka kazi akaondoka, mbwa ni mtu mzima, siwezi kumfunga. Karani naye amehamishwa kituo. Mlinzi yupo, anakula kwa ajili ya watatu.

Mje na filimbi, moja kila mtu. Na kengele ndogo ya kumfunga Tingatinga kiunoni, ile ya baiskeli inafaa. Nyumba ni kubwa, mtoto anapotea.

Shemeji bado anacheza mpira? Mbio zake zikoje siku hizi?

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Salamu ni zile zile, tuko wazima.

Picha imefika. Tuliiweka mezani, tukaizunguka wote kama watu wanaotafuta sindano. Shemeji yako akasema, "Nyumba nzuri." Mama akasema, "Mwanangu amekonda, ananidanganya kuhusu tumbo." Wakili akapanda kiti akaiangalia karibu mpaka pua ikagusa.

"Mama, kwa nini ua wa mjomba ni mrefu kuliko mjomba?"

"Ni wa wezi," baba yake akasema.

"Wezi wanatoka mtoni?"

"Nani kasema mtoni?"

"Mlango umeangalia huku, na mto uko nyuma. Na nyuma ndiyo kuna miti yenye ncha. Mbele hakuna kitu."

Baba yake akaivuta picha karibu. Halafu mtoto akasema, "Na mjomba amevaa buti ndefu mguu mmoja. Mwingine ni kandambili."

Nikaangalia. Ni kweli. Mtu anaenda kupiga picha ya kutuma kwa mama yake, anavaa buti moja.

Sasa nisikilize. Mimi sikusoma sana lakini kuhesabu najua. Machi mbwa watatu. Aprili wawili. Mei mmoja. Watu wote wanaohama hapo kwako hawaagi. Unataka buti za mpaka gotini. Unataka filimbi. Unataka mwanangu avae kengele kama mbuzi. Unauliza mbio za mume wangu! Kazi gani ya pampu inataka mbio? Yeye mwenyewe nilipomsomea hapo alicheka, halafu kicheko kikaishia njiani. Akasema, "Chujio hajaniambia liko wapi. Kama liko ndani ya maji, mtu analisafisha ameingia kwenye maji."

Lakini bado anataka kuja. Anasema mtu mzima hawezi kukaa nyumbani akimwangalia mkewe anashona. Chumba tumeshatoa taarifa, mwenye nyumba amepata mpangaji. Wakili nimemwondoa shule. Cherehani imepata mnunuzi. Nyuma kunafungwa, mdogo wangu, na mbele sikuoni vizuri.

Nakuuliza mawili, na ujibu ndiyo au hapana, bila ndege.

La kwanza: mamba wapo?

La pili: hiyo kazi anayeiacha ni nani, na kwa nini anaiacha?

Dada yako

18 Julai

Mdogo wangu,

Lori limepita mara moja sijapata kitu, sijui kama limepita mara ya pili. Kitanda tumeuza, tunalala chini kwenye mkeka, Tingatinga anafurahi. Mama ameshahamia kwa mama mdogo, analalamika kuhusu mto wa kulalia.

Shemeji yako anasema kimya chako ni dalili kwamba hakuna jambo, kungekuwa na jambo ungesema. Nikamwambia wewe humjui huyu, huyu nimembeba mgongoni. Huyu kukiwa hakuna jambo ndiyo haachi kuongea.

Zimebaki siku kumi na tano. Filimbi nimenunua. Nilipuliza moja dukani nikaona aibu, muuzaji akaniuliza nafundisha mchezo gani.

Dada

8 Julai

Dada,

Msije.

Barua hii nitampa dereva mkononi, ataiweka ndani ya shati, haitapita ofisini. Nimemwomba aitie posta mjini siku hiyo hiyo. Naandika nimekaa juu ya tangi. Sasa nakujibu.

La kwanza ni ndiyo. Wapo. Mmoja ni mkubwa, nimeishi naye jirani miezi kumi na nne, ananijua ratiba. Chujio liko mtoni, ndani. Kila asubuhi majani yanaliziba, unaingia hadi magotini, wakati mwingine mapajani, unalikwangua kwa mkono. Huwa nawatuma mbwa wabweke kwanza. Ndiyo hivyo nilivyowamaliza. Mlinzi ameenda wiki iliyopita. Hakubweka hata mara moja.

Ile buti ya pili aliichukua huyo mamba mkubwa, Februari. Mguu nilibaki nao mimi kwa sababu buti ilikuwa kubwa, niliinunua namba isiyo yangu kwa kuwa ilikuwa rahisi. Wiki iliyofuata ndiyo nilikuandikia kuna kazi.

La pili. Anayeacha kazi ni mimi.

Nilipoajiriwa nilisema nina mke na watoto wawili wanafuata. Niliwaonyesha ile picha yenu ya studio, shemeji nilimkunjia nyuma. Wanataka wenye familia kwa sababu mwenye familia hakimbii, atakimbiaje na watoto na maboksi? Miezi ikapita, mke haji. Mkuu wa kituo akanishtukia. Akaweka hati zangu za kusafiria kabatini, na bila hizo mpakani sipiti, akasema zitatoka siku atakayosaini mwingine, mwenye familia ya kweli, na mimi nitapelekwa ghala la mjini. Ndipo nikamkumbuka shemeji hana kazi. Nikajiambia ni msaada. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini, unajua mimi nauza vizuri.

Nilipanga nikifika ghalani niwaambie pole pole. Buti, filimbi, kengele, nilikuwa napanga namna mtakavyoishi hapa. Halafu juzi nikaing'oa kengele ya baiskeli yangu nione kama inasikika kutoka ukingoni hadi nyumbani. Nikaifunga ukingoni, nikaivuta kwa kamba ndefu nikiwa mlangoni. Inasikika, dada. Inasikika vizuri sana. Nikasimama pale na kamba mkononi nikaona ninachopima.

Aliyekuwepo kabla yangu na familia yake walikuja wanne, wakaondoka watatu. Mimi niliambiwa ni homa. Mke wake alinikabidhi funguo bila kuniangalia.

Msije. Shemeji akikasirika, anikasirikie. Mwambie ni kazi nzuri ya mtu asiye na mtoto wala akili, na huyo ndiye anayeifanya. Kama barua imechelewa na mmeshafika mjini, msipande lori.

Mama usimsomee yote.

6 Agosti, kwa mkono

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 8 ilifika tarehe 28 Julai, saa nne asubuhi, nikiwa nafunga kamba maboksi. Niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa chini. Shemeji yako aliichukua akatoka nayo nje. Alirudi jioni. Alivua ile kofia akaiweka juu ya dirisha.

Mama nimemsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haina utani hata mmoja. Mleteni."

Basi. Watoto wako hapa na mimi. Mwenye nyumba nimemlilia, ametupa chumba cha uani mpaka tujipange. Mnunuzi wa cherehani nimemwambia imeharibika, nimejifunza kwako. Hatuji, leo wala kesho.

Lakini tiketi moja imetumika, na hii barua imekuja na aliyeitumia, ndiyo maana nimeiandikia tarehe ya kufika. Yuko mbele yako. Sikiliza vizuri, maana lori halikai.

Kwa mkuu wa kituo, huyu ndiye mtu mpya mwenye familia. Mkewe na watoto wamebaki mjini, mdogo ana homa, watakuja na lori lijalo. Najua wimbo huo uliwahi kumwimbia, kwa hiyo safari hii tumekuja na ushahidi. Lile sanduku kubwa lenye viatu vya Tingatinga vilivyofungwa juu na gauni langu linalochungulia pembeni, lichukueni mbele ya macho yake, mlilie uzito wake. Msilifungue. Ndani ni vipande vya nguo za wateja na magazeti. Viatu ni vile vilivyombana.

Akisaini, unapewa hati zako. Shika mkononi, usiweke mfukoni kwanza. Za shemeji yako asimwachie mtu, amezificha ndani ya soksi, akiambiwa azitoe aseme ziko kwa mke mjini.

Lori linashusha mapipa mpaka saa sita. Katika muda huo shemeji yako ana kazi yake moja. Amebeba mnyororo na kapi, lile gurudumu la kuvutia mizigo. Anasema chujio linaweza kufungwa mnyororo, likavutwa kutoka ukingoni, likasafishwa nchi kavu, na mtu asiingie majini tena. Anasema fundi yeyote angeliona hilo siku ya kwanza, kama angeulizwa. Nilimwambia aache, achukue mtu arudi. Akasema atakayekuja baada yenu atakuwa na watoto wa kweli. Sikumbishia. Msaidie kushika, na usimame nyuma yake ukiangalia maji, siyo ukiongea.

Saa sita mpande wote wawili. Dereva atakuwa ameshaongea na shemeji yako mjini. Akiulizwa, atasema mnakwenda kumchukua mke.

Wakili amekuandikia maswali mengine, yako nyuma. Utayajibu hapa nyumbani, kwa mdomo, ukimwangalia. La kwanza ni kama ulikuwa unajua.

Hasira nilizonazo sijui nizitie wapi, karatasi haitoshi. Siku nyingine nitacheka, siyo mwezi huu. Shemeji yako hapendi kupiga mtu, umjue. Nimemwomba mara tatu ndiyo akakubali. Kwa hiyo ukifika mwisho wa mstari huu kunja karatasi, inua uso, na usikwepe. Kofi hilo ni langu, nimelituma kwa mkono wake. Ukishalipokea, nendeni mkabebe sanduku.

Dada yako